Choo cha Maziwa

Juni 9

Nimefika Kalmipur. Mashua ya injini ilinitoa mjini saa mbili asubuhi, ikanitua hapa saa sita na robo nikiwa nimeloa mpaka nguo zilizokuwa ndani ya begi. Mashamba yameshazama. Kijiji kimebaki kilima kirefu chembamba katikati ya maji, nyumba zimebanana juu yake, na bata ni wengi kuliko watu.

Niandike mapema nisije nikajisahau: mimi ni Nuzhat, mwaka wa nne, shahada ya afya ya jamii, wa kwanza darasani mihula mitatu mfululizo. Sijisifu, ubao wa matangazo ndio unaosema. Kazi yangu msimu huu wa mvua ni kuhesabu maradhi ya watoto wa chini ya miaka mitano, kuandika ripoti, kisha nihitimu. Imtiaz, ambaye amekuwa wa pili mihula hiyo hiyo mitatu, amepangiwa kilima cha jirani, Boraikhali. Maskini.

Ninakaa kwa Mama Moyna. Mumewe yuko Chattogram kwenye kazi za bandarini, na Moyna mwenyewe ana mwaka mmoja na miezi miwili. Nyumbani yupo pia mama mkwe, Bibi Golapi, anayetafuna tambuu kutwa. Alinikagua kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Huyu ndiye daktari?"

"Si daktari, Bibi. Ninasomea afya ya jamii."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Daktari humtibu mtu mmoja mmoja. Sisi tunatibu kijiji kizima."

"Kwa dawa gani?"

"Kwa kuuliza maswali."

Alicheka mpaka tambuu likampalia, ikabidi Mama Moyna ampige mgongoni.

Juni 11

Mvua. Fenesi asubuhi, fenesi jioni.

Juni 14

Leo nimejuana na Dada Anjoli, mhudumu wa afya wa hapa. Shirika moja limemjengea chumba cha bati mwisho wa kilima, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akigawa humo pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini, vidonge vya wajawazito na maneno makali. Asipokuwepo yeye, hospitali ya karibu ni mwendo wa zaidi ya saa nne kwa mashua, hiyo ni siku ambayo maji yametulia. Yakichafuka hakuna mashua inayotoka.

Alisoma dodoso langu ukurasa kwa ukurasa.

"Lugha hii kaiandika nani?"

"Chuo, Dada."

"Inaonekana. Nikufuate nyumba mbili tatu za mwanzo, nikusaidie maneno?"

Nilimshukuru nikakataa. Mhoji akiandamana na mhudumu, watu hujibu ili kumfurahisha mhudumu. Tumefundishwa mwaka wa pili, na mtihani wa somo hilo nilipata tisini na moja. Akanyanyua mabega. "Haya, msomi. Njia unaiona."

Juni 22

Siku ya tano ya dodoso. Swali la kumi na nne, lile la kuhara, ndilo linalonichosha: *Katika wiki mbili zilizopita, mtoto wako amepata daeria?* Hakuna swali jingine linalowatia hasira namna hii. Mama mmoja alinitaka niteme mate pembeni kwanza ndipo aendelee. Mwingine akanifunga mdomo kwa kiganja chake: "Tauba! Mwanangu, usilitaje neno hilo mlangoni kwangu." Hapana, hapana, hapana. Nyumba arobaini, hapana arobaini.

Nadhani ni ile pampu yao ya maji. Imejengwa juu, mafuriko hayaifikii, na wanaifunika. Nimeandika aya nzima kuisifu.

Juni 27

Nimemaliza. Watoto mia moja na kumi na saba, wenye daeria wawili. Wawili! Nilipanda kwenye kile kichuguu nyuma ya msikiti ambako simu hushika, nikamtumia msimamizi wangu, Mwalimu Wadud. Akanipigia mwenyewe.

"Nuzhat, sijapata kuona takwimu kama hizi kwenye kilima cha mafuriko."

"Hata mimi, Mwalimu."

"Shirika lazima lizione. Ninawatumia leo."

Kisha nikampigia Imtiaz. Yeye kapata watoto kumi na tisa katika kila mia.

"Pole sana," nikamwambia. "Labda uwaoshe mikono mwenyewe, mmoja mmoja."

"Cheka tu. Ukisifiwa sana utatia tembo maji."

"Tembo langu halina maji wala daeria."

Nimelala usingizi mnono.

Julai 3

Mawimbi yamekula kipande cha kilima usiku kucha. Tangu asubuhi wanawake wote wanafunga mafungu ya nyasi na mianzi kukinga ukingo. Nami nimefunga. Mikono imechubuka, na Bibi Golapi anasema mafungu yangu yatakuwa ya kwanza kuondoka.

Julai 9

Dada Anjoli amepata barua. Alikuja nayo mpaka uani kwetu, nami nikiwa nimechuchumaa naosha vyombo, akanisomea kwa sauti ile ya kumsomea mtoto. Shirika limefurahishwa na hali ya Kalmipur. Kwa kuwa magonjwa ya kuhara karibu yamekwisha hapa, kituo kitafungwa mwisho wa Agosti, na mhudumu pamoja na dawa zake watahamishiwa penye uhitaji zaidi. Aanze kufunga mizigo.

"Hongera," akasema. "Miaka kumi na moja nimehangaika kuwaponya. Wewe umewaponya kwa kalamu, siku kumi tu."

"Dada, mimi nimeandika walichoniambia."

"Ndiyo. Ulichowauliza."

Akaondoka. Nilikasirika, nakiri. Nilimwona mtu anayelilia kiti chake. Takwimu ni takwimu, na mtu mzima hapaswi kuzinunia.

Julai 12

Anjoli haitikii salamu yangu. Fenesi zimekwisha.

Julai 16

Naandika hapa yote kama yalivyokwenda, bila kujipaka mafuta.

Tangu alfajiri upepo ulikuwa mkali na maji yamechafuka. Dada Anjoli alikwama kwenye kilima cha pili tangu jana, na chumba chake kimefungwa kwa kufuli, dawa zikiwa masandukuni. Saa nne hivi nilikuwa barazani nakamilisha jedwali la ripoti. Mbele yangu kwenye kamba kulikuwa na vitambaa vya Moyna vimeanikwa, na kwa kuwa mimi nikiona vitu huvihesabu, nikavihesabu. Kumi na moja. Tangu asubuhi. Na Mama Moyna alikuwa anaosha cha kumi na mbili.

Nikamwendea mtoto. Macho yamezama, midomo imekauka, analia na machozi hayatoki. Nikamfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ikakaa imesimama kabla ya kurudi. Swali la dalili za kukaukiwa maji nimeshalijibu kwenye mitihani mitatu na sijawahi kulikosa.

"Mama Moyna! Mtoto ana daeria! Tangu lini?"

Alinitazama kama niliyemtukana. "Tauba! Nani kakwambia ana daeria?"

"Hivi vitambaa vyote?"

"Hicho ni choo cha maziwa tu. Leo siku ya tatu. Maziwa yangu yameharibika, nilikula samaki asiyenifaa. Nimeshaacha samaki, nimeacha mboga, nimeletewa maji ya dua nanywa. Kitakatika."

"Na yeye umempa nini?"

"Yeye apewe nini? Mwenye maziwa mabovu ni mimi."

Sikungoja. Nilikimbilia jikoni, nikapima maji yaliyochemshwa, nusu lita, konzi ya sukari guru, chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, nikakoroga, nikaonja. Chumvi yake isizidi ya machozi. Nikarudi na kikombe na kijiko nikisema kwa sauti yangu ya darasani kwamba hii ndiyo dawa ya daeria inayotumika duniani kote. Bibi Golapi akainuka mahali alipokuwa, akanipokonya kikombe, akakimwaga matopeni.

"Unataka kumwita mgeni huyo nyumbani kwangu? Daeria ni ile iliyomchukua mume wangu kati ya adhuhuri na magharibi! Ni ile ya kuzika watu watatu siku moja! Mtoto hana ugonjwa huo, wewe unampa dawa yake. Ukimpa mtu dawa ya maradhi asiyo nayo, si unamletea maradhi yenyewe?"

Nilisimama nikitazama ile sukari ikiingia ardhini. Choo cha maziwa. Neno hilo silo geni kwangu! Mimi ni mtoto wa Netrokona. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na choo cha maziwa, choo cha meno, choo cha jicho, tumbo la baridi, na uharo wa ghafla alikuwa akiuita mtelezo; na daeria kwake, kama kwa huyu, ilikuwa kifo chenye jina. Nilikua nayo maneno hayo yote matano. Nikayaacha kwenye geti la chuo kama mtu anayevua kandambili za zamani, kwa kuwa wenzangu wa Dhaka walikuwa wananicheka nikiongea. Halafu nimepita nyumba tisini na nne nikiwauliza wanawake hawa kama mtoto wao amekufa, nao wakanijibu kweli tupu kwamba hajafa. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na ile sukari.

Nikachuchumaa mbele ya Bibi Golapi, nikasema kwa lafudhi ya kwetu, ambayo sikuitumia kwa miaka minne:

"Bibi, nisamehe. Nimekosea jina. Kwetu nako choo cha maziwa tunakijua. Mama anasafishwa maziwa, kama mlivyofanya. Lakini bibi yangu alikuwa akimpa mtoto naye maji ya sukari guru na chumvi, kijiko kijiko, ili maziwa mabovu yasimkaushe wakati mama anasafishika."

Akaacha kutafuna. "Kwenu wapi?"

"Netrokona, Bibi. Upande wa Kalmakanda."

"Wewe? Mtu wa Netrokona? Sasa siku zote hizi ulikuwa unaongea kama redio kwa nini?"

Nikaokota kikombe matopeni. Bibi yangu, nikiri hapa, hakuwahi kumpa mtoto yeyote maji hayo. Jina ndilo lilikuwa lake, dawa niliitia mimi.

"Kakoroge tena," akasema Bibi Golapi. "Na unyonyeshaji?"

"Aendelee, Bibi. Tena zaidi. Na mama ale samaki."

"Samaki tutaongea baadaye."

Kijiko baada ya kijiko, mimi na Mama Moyna tukipokezana, tangu saa tano mpaka alasiri. Moyna alitapika mara moja, tukangoja kidogo, tukaanza upya. Saa tisa alikojoa. Mama Moyna aliushika ule mkojo kwa mkono mzima akacheka huku analia. Saa kumi Moyna akalia kwa kelele, na machozi yakamtoka, nami nikaenda nyuma ya banda la bata nikalia yangu.

Julai 17

Moyna anakula. Dada Anjoli amerudi. Nilikwenda chumbani kwake kabla hajavua koti la mvua, nikamwambia yote. Hakunisimanga, na heri angenisimanga. Alifungua daftari lake la gamba gumu akanionyesha: safu tano, juu ya kila moja neno lake. Choo cha maziwa, choo cha meno, choo cha jicho, tumbo la baridi, mtelezo.

"Ripoti za shirika zina safu moja tu," akasema. "Kila mwezi najumlisha hizi tano naandika daeria. Ilipokuja ripoti ya chuo inasema wawili, wamenidhania mimi ndiye ninayeongeza ili nibaki."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Nilikwambia nikufuate."

Nikatoa kalamu, nikanakili yale maneno matano.

Julai 24

Tumezunguka upya, mimi na yeye, nyumba zote. Safari hii sikushika dodoso mkononi. Ninauliza kwanza samaki gani wameacha kula, halafu maneno yanakuja yenyewe, mengine hata kabla sijakaa. Yule aliyenitemesha mate ana mapacha, na wote wawili wana choo cha meno wiki ya pili sasa. Watoto thelathini na wanane kati ya mia moja na kumi na saba. Karibu theluthi. Ile aya ya pampu nimeichana.

Julai 25

Mvua ya mawe. Simu haishiki.

Julai 26

Imeshika. Mwalimu Wadud alinisikiliza mpaka mwisho, na huo ni uungwana wake.

"Ripoti yako ya kwanza nimeshaisahihisha," akasema. "Themanini na nane. Kupokea nyingine muda umepita."

"Sihitaji alama mpya, Mwalimu. Nahitaji shirika lijue kwamba takwimu za kwanza ni batili, kabla hawajamwondoa mhudumu."

"Nielewe vizuri, binti yangu. Kanuni zinasema ripoti ya kwanza ndiyo inayohesabiwa. Ukiandika barua kuwa takwimu zake ni batili, kamati haiwezi kukupa themanini na nane kwa takwimu batili. Utafeli somo, na hutahitimu na wenzako. Ukinyamaza, hakuna atakayejua."

"Mama Moyna atajua."

"Nani?"

"Mtu mmoja hapa, Mwalimu."

"Chukua siku mbili ufikirie."

"Nimeshafikiria siku tisa. Barua iko tayari, nakusomea?"

Akasema, "Soma polepole, niandike." Mtu asije kudhani nilikuwa shujaa. Niliogopa, na ninaogopa sasa hivi.

Agosti 2

Bwana Mostakim wa shirika amekuja mwenyewe na mashua ya mwendo kasi, koti la mvua mpaka magotini. Wanawake zaidi ya thelathini walijaa barazani shuleni, watoto mapajani. Aliweka karatasi mbili mezani, yangu ya kwanza na yangu ya pili.

"Mwanafunzi huyu huyu, watoto hao hao. Juni wawili, Julai thelathini na wanane. Niamini ipi?"

"Ya pili, Bwana."

"Mimi nitauliza wenyewe." Akamgeukia mama aliyekuwa karibu naye, na kwa bahati yangu mbaya alikuwa Mama Moyna. "Dada, mwanao alipata daeria mwezi uliopita?"

"Tauba!" Mama Moyna akamkumbatia mtoto. "Hapana! Mungu atuepushe!"

Bwana Mostakim akanitazama. Akaanza kufunika kalamu yake. Nilimwona Dada Anjoli mlangoni akiinamisha kichwa. Nikasimama bila kuruhusiwa.

"Mama Moyna, choo cha maziwa je?"

"Sasa si ulikuwepo mwenyewe?" akanishangaa. "Siku nne! Vitambaa kumi na viwili kwa asubuhi moja! Macho yalizama, hata machozi alikosa, tukampa maji ya sukari guru kijiko kijiko, mpaka akakojoa. Kwa nini unaniuliza na unajua?"

Basi ikawa kama umefungua zizi la bata. Huyu wake alikuwa na choo cha meno. Yule wake mtelezo mara tatu tangu maji yapande. Mama wa mapacha akasimama na mapacha wake. Bwana Mostakim alifunua tena kalamu, akawa anaandika, halafu akashindwa kuwafuata, akamwita Dada Anjoli alete daftari lake. Akalisoma muda mrefu.

Bibi Golapi naye akasogea mpaka mezani. "Na wewe, mwanangu, mama yako alikuwa anakiitaje choo cha watoto?"

Bwana Mostakim alishikwa na haya. "Kwetu Barishal tunasema tumbo limeshuka, Mama."

"Iandike na hiyo."

Akaiandika, naapa. Kabla ya kuondoka alisema kituo hakifungwi, na pakiti za dawa zitaletwa mara mbili mpaka maji yatakapopungua. Dada Anjoli hakunishukuru. Alinipa nyundo nimsaidie kung'oa misumari ya masanduku.

Agosti 10

Jua! Vitambaa vyote vya kijiji viko nje. Nimevihesabu.

Agosti 19

Barua ya kamati imefika. Nimefeli mafunzo ya vitendo, nitayarudia mwaka ujao. Mstari mmoja na mhuri. Nilijua itakuja, na bado imeniuma. Nimekaa na barua hiyo mapajani mpaka chai ikapoa. Mama Moyna aliniwekea samaki wawili bila kuniuliza.

Saa nane nilipanda kwenye kichuguu, na Imtiaz akapiga simu. Nilimngoja acheke.

"Wa kwanza ni mimi sasa," akasema, lakini sauti haikuwa na furaha.

"Hongera. Umeisubiri mihula mitatu."

"Nuzhat. Hawa wangu kumi na tisa kwa mia... nimewauliza kwa neno lile lile."

"Najua."

"Leo nimemuuliza mama mwenye nyumba kuhusu choo cha maziwa. Ameniletea wajukuu watatu. Njoo Boraikhali, tafadhali."

"Sikusikia vizuri, simu inakatika."

"Nimesema tafadhali!"

Baadaye nikampigia Baba, maana habari mbaya ni heri aisikie kwangu.

"Umefeli? Wewe? Umekosea nini?"

"Nilipokosea walinipa themanini na nane, Baba. Nimefeli kwa kusahihisha."

Nilimsikia akimrudishia Mama maneno hayo, na Mama akauliza kwa mbali kama ninakula. Ninakula, nikamwambia. Baba alitaka kujua basi narudi lini nyumbani, kwa kuwa nimeshafeli na hakuna kinachonishika huku. Nikamwambia bado kidogo. Kesho asubuhi, maji yakitulia, mimi na Dada Anjoli tunavuka kwenda Boraikhali, na kule kuna watoto mia mbili.